Kutoka kiwanja cha mchanga Mombasa hadi mashindano ya kufuzu ya hoki ya wanawake: mwongozo kamili kwa mchezaji na mwalimu wake

Mwishoni mwa Julai 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, timu yetu ya taifa ya hoki ya wanawake, Kenya, ilifungwa na New Zealand mabao 16 kwa bila. Mechi ile tuliitazama kwenye simu, wasichana tisa wamejazana kwenye benchi moja, na ilipofika robo ya tatu hata wale mahodari wa kupiga kelele walikuwa kimya. Ndipo beki wangu wa kushoto, binti wa kidato cha tatu, akauliza: "Mwalimu, mbona mpira wao unakimbia hivyo?"

Hakuuliza kwa nini wale ni wazuri. Aliuliza habari ya mpira, na hilo ndilo swali lenyewe. Wasichana wa Pwani wana mbio, wana ukakamavu, wana jicho. Kinachowakwamisha ni vitu viwili: hawajauzoea mpira wa kasi ile, na siku jina linapoitwa karatasi zao haziko tayari. Vyote viwili vinarekebishika hapa hapa Mombasa. Nimeandika mwongozo huu kwa binti anayeota kuvaa jezi ya taifa kwenye mashindano ya kufuzu, na kwa mwalimu anayemfundisha kwenye kiwanja chenye mashimo.

Hatua ya kwanza: ijue njia yenyewe

Milango ya kutoka Afrika ni michache na ni myembamba. Kombe la Mataifa ya Afrika, linaloandaliwa na Shirikisho la Hoki la Afrika, ndilo mlango wa Kombe la Dunia: bingwa hupita moja kwa moja. Lile la Januari 2022 lilichezwa Accra, Ghana. La Oktoba 2025 lilichezwa Ismailia, Misri, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2026 huko Uholanzi na Ubelgiji. Kwa Olimpiki kuna mashindano yake ya kufuzu. Ya 2019 yalikuwa Stellenbosch na ya 2023 yalikuwa Pretoria, na mara zote mbili Afrika Kusini ndiyo iliyoondoka na tiketi. Kwa hiyo tunapozungumzia kufuzu, tunazungumzia kuwafunga Afrika Kusini, au angalau kukaribia kuwafunga. Ni afadhali kulisema waziwazi ili mazoezi yapangwe kwa kipimo hicho.

Kuna pia mashindano ya kufuzu ya dunia nzima, kwa timu ambazo hazikupita kwenye bara lao. Mfano mzuri ni ya Ranchi, India, Januari 2024: timu 8, tiketi 3 za Paris. Ujerumani, Marekani na Japani zikafuzu. India, wenyeji, uwanja umejaa mashabiki wao, walitoka sare ya 2–2 na Ujerumani kwenye nusu fainali wakashindwa kwa mikwaju, kisha Japani wakawafunga 1–0 kwenye mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Olimpiki ikawapita hivyo. Kisa hiki nitakirudia tukifika kwenye mikwaju.

Binti wa Mombasa anaanzia shuleni. Hoki imo katika michezo ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza: kaunti, Pwani, taifa, na bingwa huendelea hadi michezo ya shule za Afrika Mashariki. Baada ya shule lazima uingie klabu inayocheza ligi ya Kenya Hockey Union, kwa sababu makocha wa timu ya taifa huchagua watu wanaowaona wakicheza. Kwa miaka mingi uti wa mgongo wa timu ya taifa ulikuwa Telkom, klabu ya Nairobi iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi, na ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Blazers. Vyuo vikuu kama Strathmore na USIU navyo vina timu za wanawake. Ndiyo maana mimi humwambia kila binti wa kidato cha nne: unapochagua chuo, uliza kama kina timu ya hoki kabla hujauliza kama mabweni yana maji. Hapa kwetu Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa 1896, ina mizizi mirefu ya mchezo huu. Nenda pale, uliza ratiba, jitambulishe. Kusubiri kugunduliwa ukiwa Kisauni ni kusubiri meli barabarani.

Hatua ya pili: karatasi kabla ya gongo la hoki

Najua unataka kusoma habari za mazoezi. Subiri. Nimeshuhudia mshambuliaji hodari kuliko wote niliowafundisha akibaki nyumbani kwa ajili ya herufi moja. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema "Mwanaisha", kitambulisho kikasema "Mwanaesha". Alipoitwa kambini zilikuwa zimebaki wiki chache, na marekebisho ya jina hayamalizwi kwa wiki chache. Timu ilipanda ndege, yeye alikuwa kwenye foleni. Sitaki yamkute binti mwingine.

Basi fanya hivi, wiki hii hii. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule. Soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa tarakimu kwa tarakimu. Pakiwa na tofauti, anza marekebisho sasa, hata kama hakuna aliyekuita popote. Kisha omba pasipoti kupitia eCitizen, upeleke fomu na ukapigwe alama za vidole kwenye ofisi ya uhamiaji. Kuchezea taifa lazima uwe na pasipoti ya taifa hilo. Aliye chini ya miaka 18 atahitaji idhini ya wazazi, kwa hiyo vitambulisho vya wazazi navyo viwe karibu. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, kwani nchi nyingi hukataa iliyo chini ya hapo.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na ukitoka hapa kwenda nchi kama Afrika Kusini utaulizwa kile kijitabu cha manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na siku hizi kinatumika maisha yote. Mtu anayechanjwa siku tatu kabla ya safari hajachanjwa kwa mujibu wa mpaka.

Jambo jingine la karatasi, ingawa liko mwilini: dawa zilizokatazwa michezoni. Hapa Mombasa sitazunguka mbuyu. Miraa na muguka vina kathini, na kathini imo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano ikizidi kiwango katika mkojo. Binti anaweza kusema yeye hatafuni ila siku za arusi, na arusi yenyewe ikawa wiki ya mashindano. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nazo zina kiwango chake. Kabla ya kumeza kitu chochote, pamoja na mitishamba ya bibi, mwambie daktari wa timu. Kama una pumu au ugonjwa mwingine wa kudumu, omba kibali cha matibabu mapema kupitia Wakala wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli nchini.

Hatua ya tatu: mfundishe mpira wa kasi bila kuwa na zulia

Sasa turudi kwenye swali la beki wangu.

Mechi za kimataifa huchezwa kwenye nyasi bandia, zulia fupi lililotandazwa sawasawa, na kwa kawaida humwagiwa maji kabla ya mechi. Mpira ni mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na juu ya zulia lenye maji hauruki wala haupungui mwendo. Huku kwetu unapita kwenye mchanga, kwenye mizizi, kwenye alama za kwato za mbuzi. Unapunguza mwendo wenyewe. Basi miguu ya wasichana wetu imejifunza mambo matatu ambayo juu ya zulia ni sumu. Wanasimama wima, kwa kuogopa mpira kuwarukia usoni. Wanainua gongo juu ya ardhi wakingoja kuona mpira utadunda upande gani. Na wanausubiri uchoke ndipo waupokee. Kwenye zulia, mpira haukusubiri uamue.

Dawa yake ni sakafu ya simenti. Shule nyingi za Mombasa zina kiwanja cha mpira wa kikapu au uga wa gwaride. Ufagie vizuri kwanza, kwa sababu punje za mchanga juu ya simenti huteleza kama mtama. Usimwage maji: simenti iliyopakwa rangi ikilowa huvunja viuno. Tumia magongo ya zamani, au uzungushie kichwa cha gongo utepe mgumu, maana simenti hula mbao.

Wapange wawili wawili, umbali wa mita 12. Mmoja anausukuma mpira kwa nguvu zake zote chini chini, mwingine anaupokea. Hapa mwalimu aache kuzungumza na apige magoti karibu na anayepokea, aangalie vitu vinne. Magoti yakunjwe hadi mapaja yaanze kuwaka. Mkono wa kushoto, ule wa juu ya gongo, uwe umetangulia mbele ya mkono wa kulia, ili uso wa gongo uinamie mpira na kuufunika. Gongo liwe limeshagusa sakafu kabla mpira haujafika. Na mkono wa kulia ulegee, kwa sababu ukishika kwa kukaza gongo linakuwa ukuta na mpira unarudi kwa aliyeutuma.

Kisha fumba macho usikilize. Mpira uliopokelewa vizuri hulia mara moja, tu! fupi na nzito. Uliopokelewa vibaya hulia ka-ka! mara mbili, kisha utasikia viatu vikiukimbiza. Baada ya wiki mbili wasichana wenyewe watakuwa wakisahihishana kwa sauti hiyo, bila mwalimu kufungua mdomo.

Dakika tano mita 12, dakika tano mita 8, dakika tano mita 6. Wakishaweza, mpokeaji aje akikimbia kuufuata mpira, aupokee mbele ya mguu wake wa kulia, na mguso wa pili uwe pasi. Miguso miwili tu, hakuna wa tatu. Baadaye aupokee akiwa amegeuka nusu, bega la kushoto likitazama goli analoshambulia, awe ameshaangalia nyuma kabla mpira haujafika. Mara nne kwa wiki, dakika 20 kila siku, kwa miezi mitatu. Ni zoezi la kuchosha na halina shangwe, na sijaona jingine linalozaa matunda kama hili.

Nyasi za kawaida zisitupwe. Mbio, mipangilio ya timu na mechi zenyewe ziendelee huko. Ila masika yakianza, kuanzia Aprili, viwanja vyetu hugeuka madimbwi, na huo ndio msimu wa simenti hasa.

Zulia lenyewe lazima mlikanyage kabla ya majaribio ya timu ya taifa. Nairobi yapo; la City Park liliwekwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Panga mechi mbili za kirafiki wikendi moja, mpande treni Miritini Ijumaa mchana. Mkumbuke kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na watoto wa baharini huhema dakika ya kumi wakadhani ni wagonjwa. Waambie mapema, na mbadilishe wachezaji mara kwa mara zaidi. Accra iko baharini kama sisi, joto na unyevu ule ule wa Mombasa. Kule wa kuhema watakuwa wengine.

Viatu viwe vya meno mafupi mengi. Vile vya soka vyenye njumu ndefu havifai kwenye zulia, hukwama na kupinda goti.

Kwa anayekata tamaa kwa sababu ya kiwanja, nina kisa kimoja. Mwaka 1980 hoki ya wanawake iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Moscow. Timu nyingi kubwa zilisusia michezo ile, na Zimbabwe wakaalikwa dakika za mwisho. Hawakuwa wamewahi kucheza kwenye nyasi bandia. Walirudi na dhahabu. Ninalotaka walimu walione kwenye kisa hicho ni hili: miguso yao ya msingi ilikuwa safi kiasi kwamba uwanja ulipobadilika, wao walirekebisha kidogo tu.

Hatua ya nne: kona ya penalti

Kwenye mashindano ya kufuzu mechi nyingi huamuliwa na kona ya penalti, ile tunayoiita shoti kona. Hutolewa beki akifanya kosa ndani ya duara, lile eneo la nusu mviringo mbele ya goli, au akifanya kosa la makusudi ndani ya eneo la mita 23 kutoka mstari wa goli lake, au akiutoa mpira kwa makusudi nyuma ya mstari wa goli lake. Timu dhaifu inaweza kubanwa robo tatu nzima, ikapata kona moja, ikaongoza. Basi ukiwa na saa moja ya mazoezi, dakika 20 ziwe za kona.

Pima kiwanja chako kwa kamba. Funga fundo la mita 3.66, upana wa goli. Fundo la mita 10 kutoka mlingoti, anaposimama mtoaji, yule anayeusukuma mpira kuanzisha kona. Na fundo la mita 14.63, umbali wa mstari wa duara. Chora kwa chokaa. Wengi hufanyia mazoezi kwenye duara la kukadiria, halafu ugenini wanashangaa kwa nini mpira haufiki.

Wanaolinda ni watano, kipa akiwa mmoja wao, nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote wako ng'ambo ya mstari wa kati. Mpira ukitolewa lazima utoke nje ya duara kwanza ndipo upigwe golini. Na pigo la kwanza, kama ni la kugonga, lisivuke mstari wa goli likiwa juu ya sentimita 46, kimo cha ubao wa nyuma ya goli. Kuburura (kuuvuta mpira kwa gongo kisha kuurusha) na kurusha hakuna mpaka huo, ndiyo maana warushaji hodari wana thamani kubwa.

Mimi ninashauri timu changa isianze na kuburura. Ni ufundi wa miaka, na mgongo wa binti wa miaka 15 hauko tayari kurudia mara 50 kwa siku. Anza na pigo la chini. Tafuta mbao za paleti, zikate kwa kimo cha sentimita 46, zisimamishe golini kutoka mlingoti hadi mlingoti. Mpigaji asikie zikilia. Kabla ya hapo, wekeza kwa mtoaji na msimamishaji, yule anayeusimamisha mpira nje ya duara ili mwenzake aupige. Mtoaji ana mguu mmoja nje ya mstari. Mpira uende sawa bila kudunda, kila siku kasi ile ile, mahali pale pale. Msimamishaji ainame hadi mkono wa kushoto ukaribie ardhi. Watu hawa wawili wakiwa thabiti, hata mpigaji wa kawaida atafunga. Watatu hao wafanye kona 30 kila mazoezi, na waandike kwenye daftari ngapi zimesimama barabara. Mkifika 25 kati ya 30, ongezeni hila: mpira apewe mpigaji wa pili, au urudishwe kwa mtoaji.

Kulinda kona kunahitaji mkimbiaji mmoja jasiri anayetoka mbio kumwendea mpigaji, gongo chini upande wa kulia, mwili usiwe kwenye njia ya mpira. Avae glavu ya mkono wa kushoto, kinga za magoti na barakoa. Kama timu haina vifaa hivyo, mazoezi ya kulinda yafanywe kwa mpira wa tenisi. Usimtume mtoto wa watu mbele ya mpira mgumu uso wazi, hata mara moja.

Hatua ya tano: mwili wa mechi tano ndani ya siku nane

Mechi ina robo nne za dakika 15. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, isipokuwa kona ikishatolewa hakuna kubadilisha hadi imalizike. Maana yake hakuna mtu anayepaswa kucheza akitambaa. Mshambuliaji akimbie kwa nguvu zote dakika tano au sita, atoke, apumzike, arudi. Fanya mazoezi vivyo hivyo: mbio za mita 25 kwenda na kurudi, sekunde 20 za kazi na 40 za pumziko, mara 8, pumzika dakika tatu, rudia mara mbili au tatu. Kuzunguka uwanja mara 15 kwa mwendo wa kobe, kama tulivyofundishwa zamani, hakumwandai mtu kwa mchezo huu.

Anza saa kumi na nusu jioni, jua likilegea. Mpime kila mchezaji kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea ni takriban lita moja ya maji. Dawa ya bei nafuu: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Madafu ni mazuri pia, tena Mombasa hatuna kisingizio.

Kuna jambo ambalo walimu wanaume hulikwepa, na nawaomba waache. Wasichana wengi huchoka kwa upungufu wa damu, na sisi tunawaita wavivu. Binti anayepata hedhi nzito, anayeamka amechoka na kuhema akipanda ngazi, apelekwe zahanati apimwe damu. Nyumbani ale kunde, mbaazi, maharagwe, mchicha, dagaa, na maini yakipatikana. Chai ya mkandaa au ya maziwa isinywewe pamoja na chakula hicho, kwa sababu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Asubiri saa moja. Mahamri kwa mbaazi hayana ubaya wowote, ila chai ije baadaye. Kama mwalimu ni mwanamume, awepo mama au dada mmoja wa timu ambaye wasichana wanaweza kumwambia mambo haya.

Ramadhani isiwe sababu ya kuvunja mazoezi wala ya kumlazimisha mtu. Tunakutana saa moja kabla ya magharibi, tunafanya kona, miguso na mipangilio kwa kutembea, adhana ikisomwa tende na maji viko tayari pembeni ya uwanja. Mbio nzito husubiri Idi.

Kipa apewe sura yake

Vifaa vya kipa ni ghali, kwa hiyo timu nyingi humsimamisha golini yule asiyeweza kukimbia. Kosa kubwa. Chagua binti jasiri mwenye miguu myepesi, mfundishe kuutoa mpira kwa mguu hadi pembeni, si mbele ya goli. Timu mbili au tatu za mtaa zinaweza kuchanga na kununua seti moja ya kutumia kwa zamu. Helmeti isiyomkaa sawa isivaliwe.

Hatua ya sita: zungumza na nyumbani

Nimepoteza wachezaji wengi sebuleni kuliko uwanjani. Usimtumie mzazi ujumbe wa simu kwamba binti yake anakwenda Nairobi. Nenda kwao, jioni, baada ya alasiri. Vua viatu, mwamkie bibi kwanza: "Shikamoo bibi." Akujibu marahaba, ukae, unywe ulichopewa. Kisha eleza nani analala wapi, nani mwanamke mzima atakayekuwa nao chumbani, wanarudi saa ngapi, na nambari ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Bibi mmoja wa Majengo alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mwalimu, na hayo mavazi je, mjukuu wangu atakwenda uchi?" Nilimwonyesha kwenye simu timu ya Malaysia, wasichana wamejifunika vichwa na miguu wakicheza mashindano ya kimataifa. Akaitazama kwa muda, akasema, "Haya. Lakini asome." Mjukuu yule alicheza, na alisoma.

Hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha michezo, isiyo na pini, na nguo za ndani za kufunika miguu ziwe za rangi inayolingana na sare ya timu.

Hatua ya saba: majaribio, na wiki ya mashindano

Kwenye majaribio ya timu ya taifa kocha ana wachezaji wengi na muda mfupi. Usijaribu kupiga chenga watu watano. Pokea safi, toa pasi haraka, rudi kukaba kila unapopoteza mpira, na ita jina la mwenzako kwa sauti. Mwambie kocha nafasi mbili unazoweza kucheza. Kikosi cha mechi huwa na nafasi chache, na mtu anayeweza kuziba mapengo mawili ni vigumu kuachwa.

Mkishafika kwenye mashindano, nidhamu ya kadi ni hesabu. Kadi ya kijani ni dakika 2 nje, ya njano angalau dakika 5, nyekundu huna mechi tena. Dakika zote hizo timu inacheza pungufu. Kadi nyingi za kijani hutokana na vitu vidogo: kuupiga mpira baada ya kipenga, kusimama karibu na anayepiga mpira wa adhabu, kunung'unika. Anayezungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake, tena kwa adabu.

Mikwaju, ile iliyowatoa India pale Ranchi, ifanyiwe mazoezi kila wiki tangu mwanzo. Mchezaji anaanza mstari wa mita 23 akiwa na mpira, kipa yuko kwenye mstari wa goli, na kuna sekunde 8. Wanakwenda watano kila upande. Sekunde 8 ni nyingi kuliko unavyodhani. Wengi hupiga mapema kwa hofu. Mfundishe kila mtu hila moja tu aliyoizoea: kumvuta kipa kulia kisha kumzunguka, kwa mfano. Mwalimu ahesabu kwa sauti, moja hadi nane, wenzake wakipiga kelele kama mashabiki wa wapinzani. Fanya hivyo mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, kwa sababu siku yenyewe itakuwa imechoka.

Siku isiyo ya mechi watu walale, wanyooshe viungo, wafue soksi. Simu zikusanywe saa tatu usiku, kwa makubaliano yaliyofanywa na wachezaji wenyewe kabla ya safari.

Na siku ya kwanza mnapoingia kwenye uwanja wa mashindano, kabla ya kupasha misuli, watoe wote hadi mstari wa pembeni. Kila mmoja ausukume mpira mmoja kuvuka uwanja, aufuate kwa macho mpaka usimame wenyewe, kisha atembee hadi ulipo akihesabu hatua. Halafu usukumeni tena baada ya maji kumwagwa, mhesabu upya. Tofauti ya hatua hizo iandikwe kwenye daftari la timu, chini ya tarehe, na mabeki wa pembeni waisome kabla ya kulala.